Kujaribu nguo kwenye simu: ipi imfae muuzaji wa mwambao wa Tanganyika?

GATETE, Burundi – Mnunuzi wa Gatete anayeagiza gauni kwa simu kutoka Bujumbura, Kigoma au Kariakoo jijini Dar es Salaam hana chumba cha kujaribia. Analiona gauni kwenye picha, analipa, kisha anasubiri. Likifika likambana kifuani, gauni hilo lina njia mbili: lirudi lilikotoka, au likae kwenye begi la msafirishaji mpaka apatikane mtu mwingine wa umbo linalofaa. Njia zote mbili zinakula faida.

Hapo ndipo programu za kujaribu nguo kwenye simu zinapomvutia mfanyabiashara. Mteja anatuma picha yake, programu inamrudishia picha nyingine akiwa amevaa nguo ambayo hajaigusa. Kampuni zinazoziuza huahidi mauzo zaidi na nguo chache zinazorudishwa.

Tatizo ni kwamba programu hizi hazifanyi kazi moja. Zipo zinazojibu swali la "itanipendeza?" na zipo zinazojibu swali la "itanitosha?". Zinazotangazwa zaidi katika miaka hii ya karibuni hujibu la kwanza. Mfanyabiashara wa mwambao anaumizwa na la pili.

Kwa nini kurudisha ni ghali hapa

Gatete ni eneo la tarafa ya Rumonge, katika nchi ya michikichi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015. Baada ya sheria ya mwaka 2023 iliyopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi mitano, mpango ulioanza kutumika mwaka 2025, tarafa hiyo ipo katika mkoa mpya wa Burunga. Anayeandika anwani kwenye mzigo azingatie hilo, maana fomu nyingi za zamani bado zinazunguka.

Nguo kutoka Dar es Salaam hufika Kigoma kwa lori au kwa treni. Kutoka hapo hupanda boti, au hupita mpaka wa Manyovu na Mugina, kisha Mabanda na Nyanza-Lac hadi Rumonge. Kutoka Bujumbura mzigo hushuka kwa barabara ya taifa namba 3, ile inayopita ukingoni mwa ziwa, ambayo maji na maporomoko yameiharibu zaidi ya mara moja. Wapo pia wateja wa ng'ambo, upande wa Fizi nchini Kongo, wanaouziwa kupitia Rumonge.

Halafu ipo forodha. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza Julai 2022 umeweka nguo zilizoshonwa katika kundi la asilimia 35, ingawa nchi wanachama huomba nafuu za mwaka mmoja mmoja. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, unahusu bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Gauni la Guangzhou lililonunuliwa Kariakoo halimo. Na gauni linaporudi kuvuka mpaka bila karatasi za safari ya kwanza, ofisa wa forodha hana njia ya kujua kwamba ni lile lile lililopita wiki iliyotangulia. Kwake ni mzigo mpya.

Muuzaji wa London au Berlin anarudishiwa nguo kwa posta, anaipiga pasi na kuiuza tena. Kwa hiyo anapoambiwa kwamba programu fulani inafanya vizuri Ulaya, mfanyabiashara wa Rumonge asiitazame kwa hesabu ya Ulaya.

Aina za programu na zinachofanya

Aina ya kwanza ni ile ya kioo. Kamera ya simu inamwonyesha mteja uso wake au mguu wake, na programu inaweka bidhaa juu yake papo hapo. Hii inafaa vitu vigumu visivyobadilika umbo: miwani, saa, viatu, hereni, na rangi ya mdomo pia. Amazon ilianzisha yake ya viatu mwaka 2022. Kwa nguo ni dhaifu, kwa sababu kitambaa kinaanguka, kinakunjamana na kuvutika kwa jinsi ambayo picha iliyobandikwa haiwezi kuiga.

Aina ya pili ndiyo inayovuma: picha inayotengenezwa na akili mnemba. Kampuni ya Walmart ya Marekani iliinunua Zeekit ya Israeli mwaka 2021. Machi 2022 ikawapa wateja nafasi ya kuchagua mwanamitindo anayefanana nao, na Septemba mwaka huo ikawaruhusu kutumia picha zao wenyewe. Google ilianza Juni 2023 kwa blauzi za wanawake, ikitumia wanamitindo halisi wa saizi tofauti, kuanzia wembamba kabisa hadi 4XL. Mwaka 2025 ikawafungulia wanunuzi wa Marekani njia ya kupakia picha zao.

Picha zenyewe ni nzuri, wakati mwingine za kushangaza. Lakini mfanyabiashara anapaswa kuelewa zinavyotengenezwa. Programu inapewa picha ya mtu na picha ya nguo, kisha inachora upya nguo hiyo ikifuata mwili wa mtu huyo. Kwa kawaida haina sentimita hata moja ya nguo yenyewe. Haijui kama kiuno ni 70 au 84. Kwa hiyo nguo itamkaa vizuri kila mtu, kwa sababu imechorwa ili imkae. Zipu isiyofunga haionekani kwenye picha ya namna hiyo, na mabega yanayopwaya hayaonekani.

Kuna jambo jingine linalowahusu wateja wetu. Programu hizi hujifunza kutokana na mikusanyo ya picha. Mmoja unaotumiwa sana na watafiti, VITON-HD wa mwaka 2021, una jozi 13,679 za picha za wanawake waliosimama wima mbele ya kamera pamoja na nguo za juu. Hakuna ndani yake imvutano ya Burundi, wala kanga iliyofungwa, wala gauni la kitenge lenye mikono ya puto na mkia wa samaki. Programu iliyofundwa kwa blauzi na fulana itakisia inapokutana na mavazi hayo. Maua ya kitenge hubadilishwa au huhamishwa, na mteja anayejua kitenge chake ataona mara moja.

Aina ya tatu haina picha kabisa. Ni fomu ya kupendekeza saizi: urefu, uzito, umri, na nguo gani nyingine inakutosha. Programu inalinganisha majibu na mauzo yaliyopita, nani alinunua saizi ipi na nani alirudisha. Kwa duka kubwa lenye mauzo ya maelfu kwa wiki, pengine ndiyo yenye manufaa kuliko zote, ingawa haina mvuto wa tangazo. Kwa mtu anayefungua belo la mitumba haina la kumwambia, kwa kuwa kila kipande kwenye belo ni cha pekee, hakina historia.

Aina ya nne hupima mwili kwa picha mbili, ya mbele na ya ubavu, pamoja na urefu anaoutaja mteja. Hii kweli inajibu swali la kutosha. Sharti lake ni nguo za kubana au chache mwilini, kwa sababu kamera haioni kiuno kilicho chini ya kanga. Kila muuzaji wa Rumonge anajua wateja wangapi watakubali.

Kampuni ya Zozo ya Japani ilijaribu njia ya kipekee zaidi. Novemba 2017 ilitangaza vazi la kubana linaloitwa Zozosuit, ambalo toleo lake lililogawiwa baadaye lilikuwa jeusi lenye madoa meupe. Mteja analivaa, anazunguka mbele ya simu, na simu inahesabu vipimo vyake. Mavazi hayo yaligawiwa kwa wingi mwaka 2018. Wengi waliyapokea, wachache wakanunua nguo baada yake, na mwaka 2019 kampuni hiyo ikajiondoa kwenye masoko ya Marekani na Ulaya. Teknolojia ilipima. Gharama ya kumfikia mteja ndiyo iliyoshinda, na Zozo haikuwa kampuni ya maskini.

Fits.me ya Estonia, iliyonunuliwa na Rakuten mwaka 2015, ilitumia sanamu za roboti zinazobadilisha umbo. Kila nguo ilivalishwa sanamu na kupigwa picha katika maumbo mengi, kwa hiyo mteja aliona kweli mahali inapobana. Lakini kila nguo ilibidi ipite studio kwanza.

Jaribio la nguo kumi

Kabla ya kulipia programu yoyote, ifanyie mtihani. Chukua nguo kumi ulizokwisha kuuza kwa watu unaowafahamu: tano ziliwatosha, tano zilirudi au zililalamikiwa. Omba ruhusa ya wateja hao, ingiza picha na vipimo vyao, kisha tazama programu inasema nini. Ikionyesha nguo zote kumi zikiwa zimekaa vizuri, umenunua mchoraji. Ikitambua angalau tatu au nne kati ya zile tano mbaya, bila kuzikataa zile nzuri, hapo kuna jambo la kuzungumza.

Muuzaji wa programu anayekataa mtihani huu na kukupa video ya maonyesho badala yake ameshakujibu.

Jaribio lifanyike kwa simu za wateja, hapo hapo Gatete, kwa mtandao wa kawaida wa mchana. Simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo, kioo kilichopasuka na kifurushi cha siku kinachokwisha: hayo ndiyo mazingira ya kazi. Programu inayohitaji mteja aipakue kwanza itapoteza wengi kabla hawajaona nguo ya kwanza. Jambo jingine, programu nyingi zimetengenezwa ili zichomekwe kwenye tovuti ya duka. Anayeuzia kwenye WhatsApp hana mahali pa kuzichomeka.

Hesabu kabla ya mkataba

Tuchukue namba za mfano tu. Muuzaji anauza magauni 20 kwa mwezi, kila moja kwa faranga 60,000, na faida yake ni faranga 15,000 kwa gauni. Matatu yanarudi kwa sababu ya saizi. Kila linalorudi linamgharimu faranga 12,000: nauli ya kurudi na nauli ya kupeleka jingine. Hasara ya mwezi ni faranga 36,000.

Sasa aletewe programu ya malipo ya mwezi yanayolingana na faranga 60,000. Hata ikizuia makosa yote, jambo ambalo hakuna programu inayoliweza, muuzaji atakuwa amelipa 60,000 kuokoa 36,000. Ili malipo hayo yarudi, anahitaji kuzuia nguo tano zisirudi kila mwezi. Kwa kiwango chake cha matatu kwa kila 20, ni lazima auze zaidi ya magauni 33 kwa mwezi na programu isikosee hata mara moja.

Weka namba zako mwenyewe mahali pa hizi. Wauzaji wengi hawajui idadi ya nguo zinazorudi wala sababu yake, kwa hiyo daftari la miezi mitatu lenye safu mbili, "saizi" na "rangi au kitambaa", lina thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote anayeuza teknolojia.

Malipo karibu yote ni kwa dola na kwa kadi. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na dola ikapanda kutoka karibu faranga 2,080 hadi zaidi ya 2,800 kwa bei rasmi. Aliyekuwa na mkataba wa dola mwezi huo aliona gharama ikiruka kwa zaidi ya theluthi moja bila kuongezewa huduma yoyote. Mkataba wa malipo kwa kila picha, au kwa asilimia ya mauzo, una hatari ndogo kuliko ada ya mwezi ambayo inakatwa hata wiki ambazo boti hazikuvuka.

Kile ambacho tepu inaweza

Sehemu kubwa ya nguo zisizotosha inatokana na lebo. Gauni la wanawake la saizi 40 kwa kipimo cha Ufaransa ni 38 ya Ujerumani, 44 ya Italia, 12 ya Uingereza na 8 ya Marekani. Mwambao wetu unapokea yote hayo kwa pamoja, mitumba ya Ulaya na ya Amerika ya Kaskazini kwenye soko moja. Ongeza nguo za China ambazo XL yake mara nyingi ni ndogo kuliko XL ya Marekani. Mteja anayeambiwa "ni M" hajaambiwa kitu.

Dawa yake ni kupima nguo na kuandika sentimita kwenye picha. Laza gauni juu ya meza, pima kwapa hadi kwapa kisha zidisha mara mbili. Fanya hivyo kiunoni na kwenye nyonga, halafu pima urefu kutoka begani. Mteja naye apime gauni alilo nalo nyumbani linalomtosha vizuri, kwa njia hiyo hiyo. Hapo hakuna haja ya kuvua nguo wala ya kupiga picha ya mwili. Asiye na tepu ya fundi atumie karatasi ya A4, ambayo popote duniani ni sentimita 21 kwa 29.7.

Anayepima mwili badala ya nguo akumbuke nafasi ya kupumua. Kitambaa kisichovutika, kama kitenge, kinahitaji sentimita tano hadi kumi zaidi ya kipimo cha kifua. Kwa viatu, mteja asimame juu ya karatasi, achore mguu wake na kupima kisigino hadi kidole kirefu. Mguu wa sentimita 25 unaangukia karibu na namba 40 ya Ulaya, lakini viatu vya kiwanda kimoja havifanani na vya kingine.

Mauzo ya kitenge kisichoshonwa hayana suala la saizi. Hapo ndipo programu ya picha inapopata kazi yake halali: kumwonyesha mteja jinsi maua makubwa au mistari itakavyoonekana ikishonwa mshono fulani, kabla fundi hajaweka mkasi. Fundi wa Rumonge mwenye simu moja nzuri anaweza kuitumia kwa wateja wake wote, na vipimo akavichukua kwa tepu yake kama kawaida. Tahadhari ni rangi. Piga picha ya kitambaa nje, kivulini, na uitume kama faili badala ya picha, maana WhatsApp hubana picha na nyekundu iliyoiva hugeuka kuwa nyingine.

Picha za wateja

Picha ya mwanamke aliyevaa nguo za kubana ikitoka kwenye simu ya muuzaji na kuingia kwenye kundi la watu 200, biashara hiyo imekwisha katika mji mdogo, na pengine kuna mambo mabaya zaidi ya biashara. Uliza picha zinahifadhiwa nchi gani, kwa muda gani, na kama kampuni inazitumia kufundishia programu yake. Jibu liwe kwenye mkataba.

Sheria nazo zipo. Kenya na Uganda zilitunga zao za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021. Ya Tanzania ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 2023. Muuzaji wa Kigoma anayekusanya picha za wateja wa pande zote za ziwa yumo ndani ya sheria hiyo, awe na duka la vioo au awe na simu mbili tu.

Kazi ya msafirishaji

Katika biashara hii chumba cha kujaribia ambacho hakishindwi kipo mikononi mwa msafirishaji. Jumia, iliyofunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019, ilizoesha wateja wengi wa Afrika kulipa mzigo unapofika. Kwenye mwambao mpango mdogo zaidi unawezekana: wakala wa Rumonge au Gatete awekewe nguo moja ya kila saizi ya muuzaji husika, S hadi XXL. Mteja anajaribu hiyo ya mfano, anaagiza, na mzigo unaovuka ziwa unakuwa na saizi iliyokwisha kupimwa mwilini. Njia hii inafaa sana sare za shule, ambazo ni mtindo mmoja kwa watoto wengi. Kwa mitumba haifai.

Msafirishaji anayekubali kusubiri mteja ajaribu mlangoni alipwe kwa muda huo, na makubaliano yaandikwe kabla: dakika ngapi, nani anabeba gharama nguo ikikataliwa, na inarudi kwa safari ipi. Nguo zilizokataliwa ni bora zikusanywe Rumonge na kuuzwa hapo hapo kwa bei iliyopunguzwa kuliko kurudishwa moja moja. Zinaporudi kuvuka mpaka zirudi kwa pamoja, zikiwa na nakala ya karatasi za kuingilia, risiti ya Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR, na orodha inayotaja kila kipande kwa rangi na saizi.